Wasomaji Wanauliza: Programu ya Bure ya Kuondoa Wapelelezi, Ipi ya Kuaminiwa?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Lubumbashi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kompyuta imeingiwa na programu pelelezi, yaani inayojificha na kuiba siri za mwenye kompyuta, naye anatafuta ya bure ya kuiondoa, na hajui aamini ipi. Tumejibu tano. Kwa kuwa kompyuta nyingi za kwetu zinazungumza Kifaransa, majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Mimi ni mwalimu, ninakaa Kamalondo. Juzi nilikuwa natafuta masomo kwenye intaneti, mara skrini ikawa nyekundu, king'ora kikalia, ikaandikwa kwamba kompyuta yangu ina virusi 38 na nipakue programu ya bure ya kuvisafisha. Niliipakua. Ilikagua kwa dakika moja, ikaonyesha orodha ndefu, kisha ikadai dola 39 ili iviondoe. Ni ya kweli? Kama si ya kweli, niamini ipi ya bure?

Mwalimu, usilipe hata faranga. Programu uliyoipakua ndiyo ya kwanza kuondolewa.

Ukurasa wa intaneti hauwezi kukagua diski yako. Kivinjari hakiuruhusu kuona mafaili yako. Ile namba 38 iliandikwa kabla hujafika. Utapeli huu una umri: Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilizifikisha mahakamani kampuni zilizokuwa zikiuza WinFixer, DriveCleaner na XP Antivirus kwa njia hiihii ya kutisha watu, na walionunua walikuwa wamepita milioni moja. Majina yamebadilika, mbinu ni ileile. Kwa hiyo shika hili kabla ya jina lolote la programu: dawa ya kompyuta unaiendea wewe. Ikikujia yenyewe, na king'ora na haraka, huo ndio ugonjwa.

Skrini ya namna hiyo ikitokea tena, usibonyeze chochote ndani yake, hata alama ya X, maana nayo inaweza kuwa picha tu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, kisha "Fin de tâche". Ukifungua kivinjari tena kikauliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa.

Sasa ipi ya kuaminiwa. Kwa watu wengi jibu liko tayari ndani ya kompyuta: Microsoft Defender. Ilianza mwaka 2005 kama programu ya kuwinda wapelelezi peke yao, baada ya Microsoft kununua kampuni ya GIANT mwishoni mwa 2004. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ni antivirusi kamili, haina siku ya kwisha na haiombi kadi ya benki. Wengi wanaidharau kwa sababu hawakuitafuta wala kuinunua. Lakini maabara huru zinazopima antivirusi, AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huipima pamoja na za kulipia na kuyaweka matokeo wazi kwa yeyote. Jina lolote utakaloambiwa na rafiki, litafute kwanza humo. Kutokuwemo si hukumu ya mwisho, ila programu isiyojulikana na maabara yoyote, isiyo na anwani ya kampuni, inayosifiwa na kurasa zake yenyewe tu, iache.

Jambo linalosahaulika ni hili: anayetengeneza programu ya bure anakula wapi? Kampuni ya Malwarebytes inauza toleo la kulipia la antivirusi yake, linalolinda saa zote. La bure linakagua na kusafisha pale unapoliamuru, na linasafisha kweli bila kudai malipo. Huo ni mpango ulio wazi. Linganisha na yale yanayokagua bure na kusafisha kwa pesa: hayo yana faida ya kuona ugonjwa mahali usipokuwepo, ndiyo maana yanahesabu hata vidakuzi vya kivinjari (vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta yako) kama "vitisho" ili namba ipande. Kidakuzi cha matangazo kinaudhi, lakini si programu na hakisomi nywila unayoandika. Tena, jina kubwa peke yake si kinga. Mwanzoni mwa 2020 ilifichuka kwamba Avast, antivirusi ya bure iliyopendwa sana, ilikuwa ikiuza historia ya kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea kupitia kampuni yake ya Jumpshot. Jumpshot ikafungwa, na mwaka 2024 FTC ikaiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5. Kwa hiyo wakati wa kusakinisha, soma kila dirisha, na kila kisanduku kinachoomba ruhusa ya kukusanya au kushiriki data, kiondolee alama.

Mahali pa kupakulia pana uzito kama jina lenyewe. Andika anwani ya mtengenezaji mwenyewe kwenye kivinjari. Usibonyeze matokeo ya juu yenye neno "Sponsorisé", kwa sababu matapeli hununua nafasi hiyo na kuweka kurasa zinazofanana na za kweli. Tovuti zinazokusanya programu za kila aina nazo ziepuke. Nyingine hufunga programu nzuri ndani ya kisakinishi chao chenye upau wa matangazo, ukawa umeleta mpelelezi pamoja na mlinzi. Faili likishashuka, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha panya, fungua "Propriétés", kisha "Signatures numériques". Jina la mtia saini liwe la kampuni yenyewe. Hakuna saini? Lifute. Saini nayo haitoshi peke yake: mwaka 2017 wahalifu waliingia kwa watengenezaji wa CCleaner, na toleo la 5.33 likatoka na saini halali huku likiwa na sumu ndani, likafikia kompyuta zaidi ya milioni mbili. Ukiwa na shaka, peleka faili la usakinishaji kwenye VirusTotal, ambako antivirusi zaidi ya 60 hulitazama kwa pamoja. Moja au mbili zikipiga kelele, huenda zimekosea. Zikiwa kumi na tano, usiliguse. Usipeleke huko barua zako wala matokeo ya wanafunzi, maana faili linalopakiwa VirusTotal linaweza kuonwa na wengine waliojiandikisha.

Kazi yenyewe ifanye kwa mpangilio huu. Nakili kwanza hati na picha zako kwenye diski ya nje, hati na picha tu, usinakili programu. Nenda kwenye "Applications installées", zipange kwa tarehe, uondoe ile ya dola 39 na nyingine yoyote iliyoingia siku ileile. Fungua "Sécurité Windows", halafu "Protection contre les virus et menaces", bonyeza "Rechercher des mises à jour" na usubiri imalize. Kabla ya kukagua, ingia "Gérer les paramètres", shuka hadi "Exclusions", utazame kuna nini. Wengi wanaruka hatua hii, na hapo ndipo usafi unaposhindwa: programu mbaya nyingi hujiandika kwenye orodha hiyo ili Defender izipite bila kuzitazama. Ukikuta folda ambayo hukuiweka wewe, hasa diski nzima ya C, iondoe. Kisha kwenye "Contrôle des applications et du navigateur" hakikisha kizuizi cha "applications potentiellement indésirables" kimewashwa, kwa kuwa bila hicho Defender inaweza kuziacha programu za matangazo zisizofikia kuitwa virusi.

Baada ya hapo rudi kwenye "Options d'analyse", uchague "Analyse complète". Kwenye diski ya zamani inayozunguka inaweza kuchukua saa kadhaa; iache usiku. Ikimaliza, fanya ile yenye maneno "hors connexion" au "hors ligne". Hiyo inazima Windows na kukagua kabla Windows haijaamka, wakati mpelelezi bado amelala na hawezi kujificha wala kujitetea. Huchukua kama dakika 15. Kompyuta ya mezani isiyo na betri usiianzishie kazi hii saa ambazo umeme wa mtaani kwenu una kawaida ya kukatika. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, uwe na ule ufunguo wa kurejesha karibu, unaweza kuulizwa.

Mwisho tafuta jicho la pili, moja tu kwa wakati mmoja. AdwCleaner ni faili dogo lisilohitaji kusakinishwa, linafaa kwa matangazo na vivinjari vilivyotekwa. Malwarebytes inaenda ndani zaidi. Itakupa siku 14 za toleo la kulipia, bila kadi, kisha irudi kuwa ya bure. Siku hizo zikiisha fungua "Sécurité Windows" uhakikishe Defender imerudi kazini, maana Windows huipumzisha Defender pale antivirusi nyingine inapojiandikisha kama mlinzi. Kuweka antivirusi mbili zinazolinda saa zote kwa pamoja ni kosa: zinagombania faili moja, kompyuta inakuwa nzito, na hakuna inayolinda vizuri.

Bado hujamaliza. Mpelelezi akishaondolewa, alichokwisha kukiiba bado kiko mikononi mwa watu. Badilisha nywila ukitumia simu au kompyuta nyingine safi, ukianza na barua pepe, kwa kuwa kupitia hiyo ndipo nyingine zote hubadilishwa. Halafu kwenye kila akaunti tafuta chaguo la kutoka kwenye vifaa vyote. Wezi wa leo huchukua pia vidakuzi vya kuingilia, na mwenye kidakuzi chako anaweza kuingia bila kuulizwa nywila. Kama uliandika namba ya kadi mahali popote kwenye ile programu, iambie benki yako leo.

Nina sekretariati karibu na chuo kikuu cha UNILU. Wanafunzi wanaleta TFC na mémoire, kazi zao za kumaliza masomo, kwenye flashi ili nichape. Kila flashi ikiingia kwangu, folda zinageuka kuwa njia za mkato (raccourcis), na wanafunzi wananilaumu kwamba nimewafutia kazi. Kijana mmoja aliniwekea antivirusi ya bure, lakini shida inarudi. Nifanyeje?

Mama, kazi za wanafunzi hazijafutwa. Mnyoo wa aina hii, yaani programu mbaya inayojinakili yenyewe, huzipa folda alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwanafunzi akibonyeza njia ya mkato, mnyoo unaamka kwanza, halafu folda inafunguka kama kawaida, kwa hiyo hashtuki. Shida inarudi kwako kwa sababu mnaosha flashi huku mashine yenyewe ni chafu. Flashi safi ikiingia, inaambukizwa upya palepale.

Anza na mashine. Chomoa flashi zote, ufuate hatua tulizompa mwalimu hapo juu, hadi ile ya "hors connexion". Angalizo kwa biashara kama yako: leseni ya bure ya Emsisoft Emergency Kit, programu nyingine ya kukagua, ni ya matumizi binafsi, na Malwarebytes ya bure nayo ni ya nyumbani. Kwako jicho la pili linalofaa ni Microsoft Safety Scanner. Hiyo inafanya kazi siku 10 tangu kupakuliwa, baada ya hapo unapakua mpya. Siyo hitilafu, wameifanya hivyo ili isitumike na orodha iliyopitwa na wakati.

Mashine ikiwa safi, chomeka flashi bila kuifungua. Kwenye "Ce PC" ibonyeze kwa kitufe cha kulia, uchague kuikagua kwa Microsoft Defender. Ni lazima uiagize hivyo, kwa sababu "Analyse complète" kwa kawaida haigusi flashi. Watu wengi hukagua mashine nzima wakidhani na flashi imo. Kisha tazama herufi ya flashi, tuseme ni E, fungua "Invite de commandes" na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Zingatia nafasi kabla ya kila alama ya kistari na ya mkwaju, na usikosee herufi: ukiandika C, utafichua mafaili ya Windows ambayo yanapaswa kubaki yamefichwa. Subiri mstari wa amri urudi. Folda zikionekana, futa njia za mkato. Wakati mwingine utakuta folda moja isiyo na jina kabisa. Ifungue, aghalabu kazi yote ya mwanafunzi imo humo.

Ili isirudi, washa "Éléments masqués" na "Extensions de noms de fichiers" kwenye menyu ya "Affichage". Hapo utaona tofauti kati ya Memoire.pdf na Memoire.pdf.exe, ya pili si hati, ni programu iliyovaa nguo za hati. Zima "Exécution automatique" kwenye "Paramètres". Na mashine ambayo wateja wanaigusa wenyewe, itumie kwa akaunti ya "utilisateur standard", siyo ya msimamizi. Kinachoingia kupitia akaunti hiyo kinapata shida kubwa kushika mizizi kwenye mfumo.

Ba yaya, nimekagua kwa Defender, nikakagua kwa Malwarebytes, zote zinasema safi. Lakini kila nusu saa pembeni ya skrini inatokea habari kwamba antivirusi yangu imekwisha muda, na picha za ajabu. Programu gani italiona tatizo hili? Mwanafunzi, Kampemba.

Hakuna, mdogo wetu, kwa sababu hakuna programu ya kuonwa. Siku moja ukurasa fulani ulikuomba ubonyeze "Autoriser" ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti au ili video ianze, nawe ukabonyeza. Ulichokiruhusu ni kutumiwa arifa. Ndani ya Chrome fungua "Paramètres", "Confidentialité et sécurité", "Paramètres des sites", "Notifications". Kila tovuti usiyoijua iliyo kwenye orodha ya walioruhusiwa, iondoe. Kisha weka chaguo kwamba tovuti zisiruhusiwe kuomba. Ukiwa humohumo pitia na "Extensions". Kiongezi usichokumbuka kukiweka, kitoe. Kazi nzima ni ya dakika tano, na haili mega.

Niko Ruashi, mega ni ghali na kompyuta ya nyumbani haina intaneti ya kudumu. Antivirusi isiyo na masasisho ina faida gani? Papa wa watoto wanne.

Faida inapungua kila siku, papa, lakini unaweza kuleta masasisho kwa flashi. Microsoft inatoa kwenye tovuti yake faili liitwalo mpam-fe.exe lenye orodha nzima ya Defender. Lina megabaiti zaidi ya 100, kwa hiyo lipakue saiba au kazini, si kwa forfait ya simu. Chagua la biti 64 au 32 kulingana na mashine yako; utaiona kwenye "Système", mstari wa "Type du système". Kagua saini yake iwe ya Microsoft, lipeleke nyumbani, libonyeze mara mbili. Halionyeshi dirisha lolote, na watu hudhani limegoma. Fungua "Sécurité Windows" utazame tarehe ya mwisho ya kusasishwa. Ikiwa ya karibuni, limefanya kazi. Mara moja kwa wiki inatosha kwa nyumba isiyo na intaneti, na usiruke siku ambayo watoto wameleta flashi ya shuleni.

Kama unatumia simu kuigawia kompyuta intaneti na umeiweka "Connexion limitée", masasisho yanaweza kusimama bila kukuambia. Bonyeza mwenyewe "Rechercher des mises à jour".

Jambo jingine linalogusa mfuko. Kompyuta nyingi za mitumba huuzwa zikiwa na Windows au Office iliyofunguliwa kwa programu ya wizi. Programu hizo huagiza uzime antivirusi kabla ya kuzitumia, na baadhi huacha mpelelezi nyuma. Hakuna antivirusi ya bure itakayokusaidia ukiwa umemfungulia mwizi mlango na kumfunga mbwa. Kwa kuandika na kuhesabu, LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua mafaili ya Word na Excel.

Mashine yangu ina Windows 7, RAM ya GB 2. Antivirusi gani ya bure bado inaifaa? Katuba.

Hakuna tunayoweza kukushauri kwa moyo mweupe. Microsoft iliacha kuziba matundu ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kilichogunduliwa baada ya hapo kimebaki wazi. Antivirusi haizibi tundu la mfumo. Windows 10 nayo ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender yake orodha mpya hadi Oktoba 2028, kwa hiyo mwenye Windows 10 ana nafasi ya kujipanga. Wewe nakili hati zako, kisha weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce: inahitaji RAM isiyopungua GB 2 na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Ijaribu kwanza ikiwa kwenye flashi, bila kuisakinisha, uone kama kibodi, Wi-Fi na printa yako vinaitikia. Kwa flashi ya GB 4 na mega za kupakua faili moja kubwa saiba, unaweza kuanza Jumamosi hii.